Subiri na Gari la Baba Mkwe

Gerejini walimwita Subiri, na jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Ufunguo wa gari ulipotaka kuzungushwa, hata kama gari si lake na yeye yuko upande wa pili wa uwanja na kikombe cha chai mkononi, sauti yake ingesikika: "Subiri!" Angekuja mbio, apitishe mkono dirishani, autikise mkono wa gia huku na huku kuhakikisha uko huru, aangalie mbele, aangalie nyuma, hata uvunguni achungulie, ndipo aseme, "Haya, washa." Wapaka rangi walimwigiza mpaka wateja wakashika mbavu. Mmoja wao alipenda kusema kwamba Subiri akienda kulala hukiambia kitanda kwanza kisubiri. Yeye hakukasirika. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kilio alikwisha kukisikia.

Alikisikia akiwa na miaka ishirini na miwili. Mafundi wa magari wana tabia moja mbaya ambayo hakuna aliyewafundisha na hakuna anayeweza kuwaachisha: huwasha gari wakiwa wamesimama nje. Suruali ina grisi, kiti cha mteja kina kitambaa kisafi, na kufungua mlango ni kazi. Basi mkono unapita dirishani, ufunguo unazungushwa, mambo yamekwisha. Siku hiyo Subiri, ambaye wakati huo hakuwa na jina hilo, alikuwa amemaliza kufunga waya wa taa. Akapitisha mkono. Hakujua kwamba aliyeliegesha gari alikuwa ameliacha kwenye gia. Gari likaruka kama mbuzi aliyechapwa. Mbele yake, kati ya bampa na meza ya chuma, alikuwa ameinama fundi wa bodi waliyemwita Mrefu, rafiki yake wa kula sahani moja.

Mrefu hakufa. Aliondoka hospitalini na mguu mmoja usiokunjika, akahamia kazi ya kutengeneza redio, kazi ya kukaa. Kila aliyemuuliza alimwambia ni bahati mbaya, gari liliruka. Hakusema hata siku moja nani aliyezungusha ufunguo. Wema huo ulimtesa Subiri kuliko matusi yote ya dunia. Miaka thelathini ilipita, na bado sauti ya starta, ile mota inayoamsha injini, iliyomjia bila taarifa ilimfanya ashike kitu chochote kilicho karibu.

Ni uoga huo uliompatia mke. Msichana aliyempenda alikuwa mshonaji, na baba yake alikuwa dereva wa malori, mtu wa mikono mipana na maneno machache. Subiri alipokwenda kujitambulisha alikuwa ameandaa majibu ya maswali ishirini. Mzee alimuuliza moja tu.

"Wewe ukishika usukani, unakimbia?"

"Sikimbii, baba."

"Hata barabara ikiwa nyeupe?"

"Hata hivyo naogopa, baba."

Mzee akamgeukia mkewe. "Huyu atamrudisha nyumbani salama," alisema. Wengine huozeshwa kwa ushujaa wao. Subiri aliozeshwa kwa kuogopa, na alijivunia jambo hilo moyoni kwa miaka yote.

Wakazaa, wakalea, watoto wakakua wakaenda kujitafutia. Mama mkwe alipofariki, mzee alihamia kwao na vitu vitatu: sanduku la nguo, redio, na gari lake. Gari lenyewe lilikuwa dogo, rangi ya chai ya maziwa, na umri wake ulizidi ule wa ndoa ya Subiri. Maisha yake yote mzee aliendesha mali za watu. Hili peke yake ndilo lilikuwa lake. Alilifuta kila siku kwa kitambaa laini, na kila asubuhi kabla ya chai aliliwasha ili, kwa maneno yake, damu izunguke.

Aliliwasha akiwa amesimama nje, mkono dirishani.

Sasa elewa jinsi nyumba ile ilivyokaa. Ua ulikuwa na mteremko kuelekea langoni, na baraza lilikuwa usawa wa ua, halina ukuta wala ngazi. Mzee aliliegesha gari pua ikitazama baraza, na kwa kuwa madereva wa zamani hawaamini breki ya mkono, aliweka jiwe nyuma ya gurudumu na kuliacha kwenye gia namba moja lisije likateleza. Subiri alibadilisha waya wa breki hiyo, akaikaza mpaka ikawa inashika kama ulimbo. Mzee akashukuru, akaendelea kuliacha kwenye gia. Na hapo barazani, hatua mbili kutoka kwenye bampa, ndipo mke wa Subiri alipoweka cherehani yake, kwa sababu mwanga wa asubuhi ulifika hapo kwanza. Alishona akiwa ameligeuzia gari mgongo.

Mwanzoni hapakuwa na tatizo. Mzee alipitisha mkono, akautoa mkono wa gia kwenye namba moja, akazungusha ufunguo. Vidole vyake vilikuwa vimefanya hivyo mara elfu. Lakini siku hazigandi. Akaanza kuweka birika jikoni bila maji. Akaanza kutafuta miwani iliyo usoni. Siku moja alimwita binti yake kwa jina la marehemu mama yake, naye binti akaitika, kwa sababu angefanya nini? Kisha, asubuhi moja, alipitisha mkono, akasahau gia, akazungusha ufunguo.

Gari liliruka shubiri moja, likazimika. Kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani kilichomoka. Mke wa Subiri aligeuka, akaiona bampa imemsogelea, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Limekohoa," alisema mzee, naye akacheka.

Subiri alikuwa mlangoni na mswaki mdomoni. Hakucheka. Alirudi ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda, mswaki bado mdomoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu alikuwa amemwona nyoka mwenyewe, yuko uani kwake, na anapigwa msasa wa kitambaa laini kila asubuhi.

Usidhani hakujaribu. Alimwomba mkewe ahamishe cherehani.

"Niipeleke wapi? Chumbani gizani nijishone vidole?" alisema mkewe. Kisha akashusha sauti. "Nikihama atajua kwa nini nimehama. Unataka nimwambie baba yangu kwamba namwogopa?"

Aligeuza gari, likatazama lango. Kesho yake akalikuta limerudi. "Gari halilali na mgongo kwa wenye nyumba," alisema mzee. Akafikiria kuuficha ufunguo, akaona haya kwa kufikiria tu. Utamnyang'anya vipi mzee wa watu kitu pekee kilicho chake? Na kumwambia usoni kwamba anasahau, mkwe amwambie mkwewe, hilo halikuwa na mlango wa kuingilia. Akawa analala na hofu, anaamka na hofu. Kila asubuhi alisimama nyuma ya pazia akisikiliza: mlango wa mzee, kandambili zake, kimya, starta. Gari likishawaka salama ndipo alipokumbuka kupumua.

Baada ya wiki tatu za namna hiyo alipata wazo, na lilimjia gerejini akiwa chini ya dashibodi ya gari la mteja. Magari ya siku hizi yenye gia za kawaida hayawaki mpaka klachi ikanyagwe. Na klachi haifikiwi kwa mkono kutoka dirishani. Anayetaka kuwasha lazima afungue mlango, akae, anyooshe mguu. Na klachi ikiwa chini, hata gia ikiwa ndani, gari haliendi popote.

Alichomoa swichi ya taa za breki kwenye gari bovu lililokuwa linaoza nyuma ya gereji. Ni kitu kidogo, kina kichwa kinachobonyea kama cha kalamu. Pedali ikiwa juu inakibana kichwa hicho na umeme unakatika. Pedali ikishuka, kichwa kinachomoka na umeme unapita. Kwa taa za breki ni hivyo, na kwa klachi inaweza kuwa hivyo hivyo. Angeukata ule waya mwembamba unaotoka kwenye ufunguo kwenda kwenye starta, aupitishe kwenye rilei, kile kiboksi kinachounga na kukata umeme, na rilei iamriwe na swichi. Alichora mchoro nyuma ya boksi la balbu, akaupitia mara nne. Aliogopa hata mchoro.

Siku ya mapumziko, baada ya chakula cha mchana, alimkuta mzee anafuta vioo vya gari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeshindaje?"

"Vizuri, baba. Nilitaka... nilitaka niliangalie kidogo huku kwenye starta."

Mzee akasimamisha kitambaa. "Kwani lina nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Subiri aliona uso wa yule mtu aliyempa binti, aliona vidole vimeshika kitambaa, na ulimi ukachagua njia rahisi.

"Waya wake umechoka, baba. Moto haufiki vizuri. Nitaurekebisha tu."

"Ndiyo maana siku ile lilikohoa," alisema mzee, na uso wake ukanyooka kwa faraja ya ajabu. "Mimi nilijua ni waya. Rekebisha, mwanangu."

Faraja ile ilimchoma Subiri, lakini alikwisha kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na hapakuwa na kurudi nyuma. Alilala chali chini ya usukani saa mbili nzima. Alikata kipande cha bati nene, akakitoboa, akakifunga juu ya pedali ya klachi, akaisogeza swichi nati kwa nati mpaka ikaachia pale tu pedali ilipofika chini kabisa. Akaunga nyaya, akazifunga tepu, akazifunga tena. Kisha akajaribu. Alisimama nje, mkono dirishani, gia ikiwa huru, kwa mara ya kwanza tangu siku ya Mrefu, na jasho jembamba likamtoka mpaka mgongoni. Akazungusha ufunguo. Kimya. Akaingia, akakanyaga klachi, akazungusha. Injini ikawaka. Akarudia mara kumi. Mkewe alimletea maji ya kunywa akamkuta amekaa kwenye usukani anafuta macho kwa mkono wenye grisi.

"Umemwambia?" aliuliza mkewe.

"Nitamwambia jioni."

Jioni ilifika. Mzee alikuwa na furaha, alisimulia safari ya zamani, lori lilivyokwama matopeni siku tatu, na alisimulia bila kukosea hata jina la daraja. Subiri alisema moyoni kwamba mtu anayekumbuka hivyo haambiwi usiku huo kwamba anasahau. Atamwambia kesho, kwa utulivu, baada ya chai.

Asubuhi alisimama nyuma ya pazia kama kawaida. Alisikia mlango. Alisikia kandambili. Alisikia cherehani ya mkewe ikianza, trrrr, trrrr. Kisha akasikia ufunguo ukizungushwa, na baada yake hakuna kitu. Ufunguo ukazungushwa tena. Kimya. Subiri aliegemeza paji la uso ukutani na kutabasamu. Kwa wiki nyingi hakuwa amejisikia mwepesi namna ile. Swichi imekataa. Sasa mzee atamwita, naye atatoka, atamweleza taratibu.

Mzee hakumwita. Alichosikia Subiri ni mlio wa boneti ikifunguliwa, halafu fimbo ya chuma ikiwekwa kuishikilia.

Subiri alielewa yote kwa mara moja, na alielewa kwamba kosa ni lake. Alikuwa amemwambia mzee waya wa starta umechoka. Na dereva wa malori ambaye waya wake wa starta umechoka haiti fundi. Anaacha ufunguo umewashwa, anafungua boneti, anachukua bisibisi, anainama na kuunganisha vichwa viwili vya starta kwa chuma. Cheche inaruka, starta inazunguka, injini inawaka. Umeme huo haupiti kwenye ufunguo, haupiti kwenye rilei, haupiti kwenye swichi yoyote iliyofungwa chini ya usukani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hakudhani ingeishia barazani kwake.

Alitoka. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, mgongo kwa gari, kichwa kimeinamia kitambaa cha bluu. Mzee alikuwa ameinama ubavuni mwa injini, bisibisi mkononi, anatafuta kwa ncha. Subiri alifungua mdomo kupiga kelele ile aliyoipiga maisha yake yote, akaufunga. Mzee akishtuka, mkono utaruka, na chuma kitagusa.

"Mama watoto," alisema kwa sauti ndogo. "Hebu njoo mara moja."

"Ngoja nimalize pindo hili."

"Njoo sasa."

"Nimeshamaliza nusu," alisema mkewe bila kugeuka, na mguu wake ukaendelea kusukuma.

Hakuwa na muda wa neno lingine. Hakukimbia, kwa kuwa aliogopa kishindo cha miguu yake. Alitembea upande wa dereva kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala, akashika kitasa, akafungua mlango pole pole. Aliona taa nyekundu ya ufunguo inawaka. Aliona mkono wa gia umelala kwenye namba moja. Aliingia nusu, mguu mmoja nje, akaunyoosha mwingine kuitafuta pedali.

Cheche ikalia.

Gari liliruka. Injini ilishika hapo hapo, ikanguruma, na kwa muda ambao hakuna saa ya kuupima Subiri alihisi kitu kile kile, msukumo ule ule wa miaka thelathini iliyopita. Akamsikia mkewe akipiga yowe. Mguu wake ukaipata klachi na akaikanyaga kwa nguvu zote alizokuwa nazo, kama anataka kuitoboa sakafu. Gari likasimama. Injini ikaendelea kunguruma peke yake. Akaufikia ufunguo, akaizima injini.

Kwenye kioo cha mbele hakuona kitu ila boneti iliyo wazi. Hakuweza kuona kilicho nyuma yake. Hakuweza kushuka pia, maana mguu ulikataa kuachia pedali.

"Uko wapi?" aliita. "Sema kitu! Uko wapi?"

"Niko hapa," alisema mkewe.

Alikuwa amekaa sakafuni, pembeni, cherehani imelala ubavu. Bampa ilikuwa imekibana kitambaa cha bluu kwenye mguu wa chuma wa cherehani, mahali magoti yake yalipokuwa. Alikuwa mzima. Alijishika magoti kwa mikono yote miwili, akiyapapasa, kana kwamba anayahesabu. Mzee alikuwa amesimama ubavuni mwa gari, bisibisi imemdondoka.

Subiri aliurudisha mkono wa gia katikati, akaikaza breki, akashuka. Alimwinua mkewe, akamshikilia mpaka akajua kwamba ni yeye anayeshikiliwa. Kisha akamwendea mzee. Hofu ilikuwa imekwisha kumaliza aibu yake yote.

"Baba, waya haukuwa na kosa," alisema. "Nilikudanganya. Niliweka swichi kwenye klachi, lisiwake mtu akiwa nje. Nilipaswa kukuambia jana. Niliogopa kukuambia."

Mzee alikuwa anakitazama kile kitambaa kilichobanwa. "Kwa sababu nasahau," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Sema tena."

"Unasahau, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa barua aliyokwisha kuisoma. Akakaa kwenye kiti cha dereva, miguu nje.

"Mnadhani naliwasha ili lipate moto?" alisema. "Tangu nije hapa sijalipeleka hata dukani. Kila asubuhi najijaribu. Natoa gia, nawasha, likiwaka vizuri najiambia, leo bado nipo. Siku ile liliporuka nilicheka ili msinione. Sikulala wiki nzima. Uliposema ni waya..." Akapangusa usukani kwa kiganja. "Nilikushukuru mno, mwanangu, uliposema ni waya."

Binti yake alikuja akasimama karibu na mlango wa gari, mkono wake begani mwa baba yake.

"Nionyeshe hiyo swichi," alisema mzee.

Waliondoa jiwe, wakalisukuma gari nyuma mpaka karibu na lango, wakaligeuza. Mzee akaingia, akauacha mlango wazi. Subiri akachuchumaa kando yake, akamwelekeza kwa kidole kilipo kile kichwa kidogo. Mzee akazungusha ufunguo bila kukanyaga, kimya. Akakanyaga, akazungusha, injini ikawaka, laini, safi, kama ilivyowaka siku zote mikononi mwake.

"Nikisahau kukanyaga?"

"Haliwaki, baba."

"Nikisahau gia?"

"Ukiwa umekanyaga haliruki. Halafu nitakuwa nimekaa hapa pembeni yako. Kila asubuhi."

"Vizuri," alisema mzee. Aliangalia kwenye kioo kidogo cha ndani. Nyuma yao, barazani, binti yake alikuwa ameinama anaiinua cherehani. Alimwangalia muda mrefu.

"Na siku nikikaa hapa," alisema, "nikamwona yule, nisijue ni nani?"

Subiri alimwekea mkono begani. Mzee akazima injini. Lakini mguu wake ulibaki umeikanyaga klachi mpaka chini, kana kwamba gari bado linaweza kuruka, na Subiri hakuthubutu kumwambia auinue.